Bakuli la Mwalimu

Binti yangu ni fundi cherehani, na fundi cherehani hawezi kuufanyia mwili wake siri. Kila aliponenepa alifungua mshono, na kila aliposhona gauni jipya aliacha kitambaa cha akiba ubavuni, kwa sababu alijijua. Daktari wa hospitali ya umma alipomwambia kwamba sukari na presha vitamfukia asipopunguzwa tumbo la chakula, hakubisha habari ya kufukiwa. Alibisha habari ya tumbo.

"Daktari, huu si ugonjwa. Hiki ni chakula."

"Ni ugonjwa," daktari akasema.

"Mimi ndiye niliyekuwepo nikila."

Daktari akaandika anayoyaandika, akampangia siku ya kupasuliwa.

Siku hiyo nilimsindikiza. Kwenye ukumbi wa wagonjwa wa upasuaji kuna benchi refu la mbao, limelainika kwa makalio ya watu, na mwisho wake mguu mmoja umewekewa kipande cha kigae lisicheze. Tulimkuta Mwalimu amekwisha kaa. Huyu mama ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Alistaafu kufundisha, na goti lake la kulia likastaafu pamoja naye, na alikuwa anangoja kuwekewa goti la chuma. Alitoka nyumbani alfajiri kwa kuwa anaujua mwendo wake. Binti yangu alikuwa amemwambia kwamba yeye anakuja kupasuliwa ngiri. Ngiri ni ugonjwa wenye heshima, haumpati mtu kwa kuongeza sahani.

Binti alipokaa, benchi lilijaa. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni akasimama bila kuambiwa, akaenda kuegemea ukuta na fimbo yake. Binti yangu akatazama viatu vyake mpaka muuguzi alipotoka na kuita jina. Lilikuwa lake.

"Mwalimu ametutangulia," akamwambia muuguzi.

"Nimekuita wewe, mama."

"Nenda, mwanangu," Mwalimu akasema. "Zamu ni zamu. Nipe mkoba nikushikie."

Walimpasua, wakampunguzia tumbo likabaki mfano wa ndizi. Akatoka salama. Mwalimu yeye alirudishwa nyumbani siku ile ile, akaambiwa ataitwa.

Maumivu ya kidonda hayakumliza binti yangu. Kilichomliza ni benchi.

"Mama, nimemruka Mwalimu."

"Hukumruka. Uliitwa."

"Niliitwa kwa sababu ya kula. Yeye goti limeisha kwa kusimama mbele ya watoto wa watu. Halafu watu wanakatwa kodi ili mimi nifungwe mdomo. Mdomo wangu mwenyewe, ambao ningeufunga bure."

"Ungekuwa unafungika bure, ungekwisha ufunga."

Akanigeuzia mgongo, taratibu, kwa ajili ya nyuzi.

Sasa, mtu akipunguzwa tumbo hapunguzwi mkono. Binti yangu alipopata nguvu ya kusimama jikoni, mkono wake ulikwenda kwenye sufuria lile lile kubwa, ukapima mchele ule ule, ukamimina mafuta kama zamani. Yeye alikula kwenye kisahani cha kikombe, kwa kijiko cha chai, akitafuna mpaka chakula kinasahau kilikuwa nini. Mimi meno yangu yamebaki ya kutabasamia tu. Mjukuu wangu, ambaye ni msusi, hula huko huko saluni. Sufuria likawa linatutazama.

Ndipo likatafutwa bakuli la bati lenye kifuniko, lile la maua mekundu. Mchana lilikwenda kwa Mwalimu na wali na nyama yenye mafuta yake. Jioni lilikwenda na viazi vya kukaanga, na juu ya kifuniko mkate wa siagi umefungwa kwenye kitambaa. Mwalimu anakaa peke yake na kusimama jikoni hawezi, kwa hiyo hakuna aliyeona ubaya. Binti yangu alibeba bakuli lile kwa mikono miwili, na akirudi nalo tupu ndipo alipopata usingizi wa mchana.

"Fundi," Mwalimu alimwambia siku moja akiwa mlangoni, "ile ngiri ilikuwa inakubana roho. Tangu waitoe umekuwa mkarimu."

Binti yangu akatabasamu kama mtu mwenye msumari kiatuni.

Mjukuu wangu haoni haya kusema. Akaniambia, "Bibi, mama anamlisha Mwalimu kama ng'ombe wa maonyesho."

"Anamsaidia mgonjwa."

"Ng'ombe naye husaidiwa hivyo hivyo."

Zamani binti na Mwalimu walinunua jora moja, kitambaa cha bluu chenye maua meupe, binti akashona magauni mawili ya kufanana. Binti yangu alipopungua, lake likawa linamwelea kama pazia. Akalikata ubavu huu na huu. Vipande alikuwa hajavitupa Mwalimu alipoingia na gauni lake mkononi.

"Limerudi kwenye kufuliwa, linanibana," akasema. "Sabuni za siku hizi."

"Ni kweli, sabuni kali," binti akasema.

Akavichukua vile vipande vilivyotoka kwake akavitia kwa Mwalimu. Alilinganisha mchoro, ua likakutana na ua, usingejua. Mkasi nilimshikia mimi.

Kisha Mwalimu akaitwa hospitali. Aliondoka na mkoba wenye nguo za kulalia, kanga, na mswaki mpya. Kabla ya saa ya chakula cha mchana akarudi na mkoba ule ule. Alisimama kwenye mlango wetu akiegemea fimbo. Binti yangu alikuwa mezani anakunja pindo la sketi ya shule, pini zimemjaa mdomoni.

"Wamenirudisha," Mwalimu akasema.

"Kwa nini tena?" nikauliza mimi, maana mwenzangu alikuwa na pini.

"Wamenipandisha kwenye mzani. Daktari wa mifupa akautazama mzani, akanitazama mimi, akaurudia mzani. Ananiambia niko mzito kuliko nilivyokuja mara ya kwanza, na goti jipya nitalivunja kabla halijazoea. Nipungue kwanza, ndipo nirudi. Nikamwambia, daktari, nitapunguaje na mguu hautembei? Akasema mdomo ndio usitembee."

Binti yangu akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. Alizichomeka zote kabla ya kusema.

"Mwalimu, mimi sikupasuliwa ngiri."

"Ulipasuliwa nini?"

"Tumbo la chakula. Walilipunguza, nisile. Nilikuwa nimezidi. Na siku ile wewe ulinitangulia pale kwenye benchi, ukaachwa, nikaitwa mimi. Kwa ulafi wangu. Sikuweza kula wala kulala, nikawa nakuletea chakula."

Mwalimu akavuta kiti akakaa, mguu mbaya ameunyoosha mbele kama kawaida yake.

"Nilikuombea ngiri," akasema. "Kila jioni. Nikataja na upande."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Upande wa kushoto."

Mimi nikafuta meza, ingawa ilikuwa safi.

"Hebu nikuulize," Mwalimu akaendelea, kwa sauti aliyokuwa akiwaulizia watoto hesabu. "Daktari wako alikuwa wa nini?"

"Wa tumbo."

"Wangu wa mifupa. Milango miwili, benchi moja. Muuguzi akitoka anaita wa mlango huu au wa mlango ule. Ungebaki nyumbani umelala siku ile, mimi nisingeitwa. Nani alikwambia ile ni foleni moja?"

"Niliona tumekaa pamoja."

"Umeona tumekaa pamoja." Mwalimu akatikisa kichwa. "Zamu yangu hukuichukua kule, fundi. Umeichukua hapa. Kwa bakuli."

Binti yangu akalia, mara hii bila kugeukia ukuta. Mwalimu alimwacha alie. Alipomaliza akamwambia, "Kukusamehe nitakusamehe nikitembea. Kwa sasa, kesho nakuja kula hapa, unachokula wewe. Nionyeshe sahani yako."

Binti akamletea. Mwalimu akaigeuza, akatazama na chini yake.

"Hiki ni kisahani cha kikombe."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na kikombe kiko wapi?"

"Hakuna kikombe, Mwalimu."

Mwalimu akakirudisha mezani. Akasema, "Kumbe nawe umeadhibiwa," na tangu hapo sijasikia akimwita mlafi, hata kwa utani.

Alipewa sahani iliyozidi ile kidogo, kwa kuwa tumbo lake halikukatwa. Walikula mezani pangu, mboga zaidi na wali kiduchu, Mwalimu akisimamia. "Tafuna, fundi." "Natafuna." "Hapana, umemeza." Bakuli la maua likahamia kabatini. Sufuria kubwa nililichukua mimi, naloweka nguo. Lile gauni la bluu likafunguliwa tena, vipande vikatolewa, na sasa hakuna wa kuvivaa. Nimevishona kishikio cha chungu.

Haikuwa haraka. Mwili wa mtu mzima huondoka kama mgeni, unaaga kisha unakaa tena. Lakini siku moja mzani ukamkubali Mwalimu, na tukarudi pale kwenye benchi. Muuguzi akatoka, akaita jina lake. Mwalimu akampa binti yangu mkoba, hakumtazama, akaingia na fimbo yake.

Saa ya binti kula ikafika. Akatoa kikopo chake na kijiko cha chai, akaanza kutafuna mbele za watu. Mwanamume aliyekaa karibu naye akamwangalia weee.

"Unaumwa nini, mama?"

Nilidhani nitaisikia ngiri. Binti akameza kwanza.

"Nimemsindikiza jirani. Mimi walikwisha nipasua. Walinipunguza tumbo kwa sababu ya unene."

"Hapa hapa? Kwenye hospitali yetu?"

"Hapa hapa. Kwa kodi yako."

Yule mwanamume akafikiri. Alikuwa na bandeji mkononi, akaitazama hiyo.

"Na imesaidia?"

"Sukari imeshuka. Presha imeshuka. Roho ndiyo bado."

"Roho hawapasui hapa," akasema. Akatazama ubao uliobaki wazi kati yao, kisha akamwita mama mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta. "Dada, njoo ukae. Nafasi ipo."

Binti yangu akasogeza mkoba wa Mwalimu mapajani, yule mama akakaa.