Kichilema Bila Kuti

Katika nyumba yangu kichilema, ule moyo laini wa kileleni mwa mchikichi, hakiingii jikoni bila kuti lake. Anayekileta hukiweka mezani pamoja na kuti, ili mpishi aone kwa macho yake ni mti gani uliokatwa. Sheria hiyo niliiweka mimi, na nimewahi kumrudisha mwanangu msituni, mvua ikinyesha, kwa kuivunja.

Asubuhi ile nilikata kimoja bila kuvaa miwani. Michikichi naijua kwa kupapasa, nilijiambia. Tangu ujana nimekamua mawese yake, nimeezeka kwa makuti yake na kufunga mifagio kwa chelewa zake. Nikakitua mezani kikiwa peke yake.

"Baba, kuti lake liko wapi?" aliuliza mkwe wangu, mke wa mwanangu.

"Unaniuliza mimi?"

"Nauliza kuti, Baba. Wewe nimeshakuamkia."

Mjukuu wangu wa miaka sita akaangua kicheko. Nilimkata jicho, kisha nikarudi kwenye mti ule niliokata kuchukua makuti yake ya kuezekea banda la kuku.

Nilipoinama kuyakusanya, ncha zilinichoma viganja. Majani yalikuwa magumu kama bati. Nikatoa miwani mfukoni, nikavaa.

Ulikuwa mtapo. Mti huo ukiwa mchanga hufanana na mchikichi, lakini ndani mwake mna sumu.

Nilikwapua kuti moja nikatimua mbio, mimi niliyezoea kuwakemea watoto wasikimbie. Kifua kiliwaka moto. Mbele ya macho yangu niliona sahani moja tu, ile ya bluu ya mjukuu wangu.

Jikoni sufuria lilikuwa likitokota. Mtoto alikuwa akijifuta mdomo.

"Umekula nini?"

"Babu, umefukuzwa na nyuki?"

"Umekula nini!"

"Ni viazi, Baba," alisema mkwe wangu. "Kichilema chako hiki hapa. Kilikuwa kinangoja kuti."

Nilimshukuru Mungu, nikakishika. Ubavuni kilikuwa na alama ya meno madogo.

Mkwe wangu aliiona wakati mmoja nami. Kijiko kikamdondoka.

"Nilionja kidogo tu," mtoto alisema, sauti ikififia. "Kichungu. Nikatema."

"Chote?" nilimuuliza.

Akatazama miguu yake. "Sijui."

Nilimbeba hadi zahanati, mama yake akitangulia na lile kuti. Njiani nilimsemesha mfululizo. Kila aliponyamaza nilimtikisa. Muuguzi alimsukutua kinywa, akamlaza, akaligeuzageuza kuti lile.

"Afadhali mmelileta. Nani aliyemkatia mtoto mtapo?"

Mkwe wangu alifumbua mdomo ili anisitiri.

"Mimi," nilisema. "Niliulizwa kuti, nikajibu kwa kiburi."

Tuliambiwa tungoje. Mara mbili mtoto alitapika, na mara zote mbili nilimshikia beseni. Nilihesabu pumzi zake. Nilipokosa moja, nilisimama wima, nikakuta amelala tu.

Alasiri aliomba uji. Muuguzi alisikiliza kifua chake, akamtazama machoni, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika: kesho asubuhi angetoka.

"Babu," mtoto aliuliza, "na wewe utarudishwa msituni mvua ikinyesha?"

Mama yake aliinamisha uso, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Nitarudishwa," nilimjibu, "na miwani nikiwa nimeivaa."

Lakini mkono wake sikuuachia mpaka kulipokucha.