Siku Tatu Chini ya Nyuzi Nane

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Mume wangu Mushumbusi husema mimi nachemka kabla maji hayajawekwa. Lakini kwa wiki ile tuliyokaa Muleba, hata wewe ungechemka.

Binti yetu Penina ameolewa Mpanda. Alikaa kwenye ndoa miaka tisa bila mtoto, na miaka yote hiyo tulikuwa tukisali naye kwa simu, yeye analia kule na mimi nalia huku. Mwaka huu akajifungua mtoto wa kike. Ubatizo ukapangwa, na akaniomba niende nikae naye miezi mitatu. Nani angekataa? Ningekwenda hata kwa miguu.

Shida ni kwamba nina kisukari na ninajichoma insulini asubuhi na jioni. Akiba ya dawa za miezi mitatu lazima ikae kwenye baridi, na safari ya Mpanda si ya kutoka asubuhi ukafika jioni. Kwa hiyo Mushumbusi, aliyeendesha basi la shule mpaka akastaafu, akanunua Hiace kuukuu akaigeuza nyumba. Aliweka kitanda, jiko la gesi, sinki, na friji ndogo ya kutumia betri. Juu ya paa akafunga paneli mbili za sola. Majirani zetu wa Ijuganyondo, pale Bukoba, walikuja kuliangalia gari hilo wiki nzima, na mimi nilijifanya nimechoka na wageni, kumbe nilikuwa nimevimba kwa maringo.

Nesi Benigna wa kliniki yangu hakuvutiwa. Mwaka jana yeye ndiye aliyenipokea nikiwa sijitambui, na tangu siku hiyo ananiangalia kwa macho ya mama mwenye nyumba. Alinipa kipimajoto kidogo kinachokumbuka joto la juu lililofikiwa, akasema maneno ambayo niliyajua kwa moyo mpaka yakanichosha.

"Judica, niletee siku tatu mfululizo ambazo friji hiyo haijavuka nyuzi nane, bila kuchomekwa kwenye umeme wa nyumbani wala kuwashiwa injini. Ukiniletea hizo, nakuandikia dawa. Usiponiletea, huendi."

Tukaona hiyo ni kazi ndogo. Tulikuwa tunapaswa kwenda Muleba kumuaga mama yangu, basi tukasema tupimie huko huko. Tuliweka chupa za maji kwenye friji mahali pa dawa, tukaondoka Jumatatu.

Mae, ndivyo ninavyomwita mama yangu, jina lake ni Kokwijuka na ana miaka themanini na moja. Nyumba yake iko mteremkoni katikati ya kibanja cha migomba na mibuni. Uwanja umechongwa kwenye mlima, na chini ya ukingo wa uwanja kuna sehemu ndogo tambarare. Mushumbusi akaegesha pale, gari likakaa sambamba na ukingo wa mawe, paa lake likawa sawa kabisa na uwanja wa Mae. Hakukuwa na mti hata mmoja wa kulitia kivuli.

Na tulilala humo humo garini, maana kwa watu wa umri wa Mae mkwe halali nyumba moja na mama mkwe. Hawapeani mikono wala hawaangaliani usoni. Kwa miaka thelathini na nne Mushumbusi amemsalimu Mae akiwa nje na Mae akiwa nyuma ya mlango, na kila mmoja akitaka kumwambia mwenzake jambo hunipitishia mimi. Nimekuwa posta ya watu wawili wanaosikiana vizuri tu.

Jumanne tulitoka asubuhi kwenda kuaga ndugu. Kwetu huwezi kwenda mbali miezi mitatu bila kupita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba unakalishwa, unalishwa, unaombewa. Tuliporudi jioni friji ilikuwa inalia pii, pii. Betri ilikuwa chini na kipimajoto kilisoma kumi na tatu. Nikamwambia Mushumbusi kwamba amenijengea kabati. Akakaza nati za betri, akafuta paneli, akawasha injini ili betri ipate nguvu, tukaanza kuhesabu upya.

Jumatano tukaaga ndugu wa upande wa pili wa kilima. Jua liliwaka siku nzima mpaka nikajifunika kanga kichwani. Jioni, pii, pii. Kumi na nne.

Siku hiyo sikumbakizia neno. Nilimwambia alinunua paneli za bei rahisi, na waya za bei rahisi, na akili nayo sijui aliinunua wapi. Mushumbusi hupokea hasira zangu kama mtu aliyesimama chini ya paa akisubiri mvua ipite. Alinywa chai yake, akampigia simu fundi Damian wa Bukoba, ndiye aliyetusaidia kufunga ule mfumo. Mae alikuwa mlangoni anasikia yote. Aliuliza kwa sauti ndogo kama friji ikishindwa ndiyo basi hatuendi. Nikamjibu kwa uchungu kwamba ndiyo, ndiyo basi, Penina atambatizisha mtoto bila mama yake.

Alhamisi tukashinda nyumbani kumsubiri Damian. Alifika saa tano kwa pikipiki, akapima na mita yake kila kitu: paneli, kontrola ya chaji, betri, fyuzi, waya wa friji. Vyote vizima. Umeme ulikuwa unaingia kwa wingi, na kufika saa nane betri ilikuwa imejaa pomoni. Damian akakuna kichwa. Nikamwambia asinifanye mtoto, siku mbili friji imezimika mbele ya macho yangu.

Ndipo akafanya jambo moja. Alipanda kwenye ukingo, akavua koti lake, akalilaza juu ya paa mahali paneli mbili zinapokutana, likafunika robo ya kila moja. Kwenye kontrola namba ikaporomoka karibu na sifuri.

"Unaona, mama? Zimeungwa kwa kufuatana. Ni kama mpira wa maji, ukiukanyaga mahali pamoja, huku mwisho hakitoki kitu. Mfumo wako hauumwi. Kuna kitu kinaufunika mnapokuwa hampo."

Tukafikiria ndege, tukafikiria majani ya migomba kupeperushwa na upepo. Damian akala, akaaga, akaondoka. Usiku ule friji ilikaa kwenye nyuzi nne bila kelele, na mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Ijumaa asubuhi zilikuwa zimebaki nyumba mbili za kuaga. Tulipofika katikati ya njia nikaanza tena, safari hii nikimlaumu Mushumbusi kwa kuegesha mahali pabaya. Kwa mara ya kwanza wiki ile akanijibu, akasema amechoka kuwa mkosaji wa kila kitu. Damu ikanipanda. Nikamwambia aende kuaga peke yake, nikageuza.

Nilitokea nyuma ya nyumba, upande wa jikoni. Mae alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo. Mbele yake, juu ya paa la gari letu, alikuwa ametandaza mkeka, na juu ya mkeka kahawa mbichi iliyochemshwa na majani yake ya kunukia. Anaigeuza kwa kiganja, taratibu. Ilikuwa ile kahawa ya kutafuna tunayompa mgeni anapoingia nyumbani. Inataka jua la siku kadhaa, na uwanjani kuku na mbuzi hawaiachi. Pale kwenye paa palikuwa pa moto, pa juu, pasafi. Hata mimi ningeianika pale.

Kwanza nilicheka. Jamani, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikasogea nikamwambia Mae kwamba kumbe yeye ndiye anayetuzimia friji, nikamweleza ya mpira wa maji na koti la Damian. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Aliendelea kugeuza kahawa.

"Najua," akasema. "Jumanne sikujua. Juzi nilipowasikia mkigombana ndiyo nikakisia. Jana sikuanika, kwa sababu mlikuwepo."

"Na leo, Mae?"

"Leo nimeanika."

Miaka tisa ya Penina ilinipita machoni, na nikamkasirikia mama yangu mzazi kiasi ambacho sikuwahi. Nikamuuliza kama anajua anachoninyima. Mae akaweka mikono juu ya mapaja, akaniangalia, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwaka jana nilikaa kando ya kitanda chako nakuita, hunijibu. Nilikuita siku mbili. Ukianguka huko Mpanda, mimi nitakuita kutoka wapi? Nina mtoto mmoja aliyebaki, Judica. Naogopa."

Hasira yangu yote ikamwagika chini. Nilipiga magoti karibu naye, kwa sababu hata mimi naogopa, na usiku naogopa zaidi ila simwambii mtu.

Nikasikia kikohozi. Mushumbusi alikuwa amenifuata, amesimama chini kando ya gari, na amesikia kila neno. Mae akavuta kanga haraka akajifunika uso. Mume wangu naye akageuka, akatugeuzia mgongo, akaelekeza uso wake kwenye migomba kama adabu inavyotaka. Nilingoja aniambie mimi nimwambie Mae. Hakunipitishia.

"Mama," akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza nasikia akimwambia neno moja kwa moja zaidi ya salamu. "Mwenye mtoto ni wewe. Ukisema asiende, nageuza gari sasa hivi turudi Bukoba, na hutasikia lawama kwangu."

Nilitaka kumrukia. Nani alimpa ruhusa ya kutoa safari yangu? Lakini nilimwona Mae amejikunyata chini ya kanga, nikauma ulimi, na kwangu hiyo si kazi ndogo. Mae akashika pembe mbili za mkeka, akauvuta kwake polepole ili kahawa isimwagike, mpaka paneli zote mbili zikabaki wazi. Akamjibu mkwe wake naye, akiwa bado amejifunika.

"Lisogeze hilo gari, mwanangu. Liweke mbali. Likibaki hapa, mkono wangu unalifikia, na kesho nitaanika tena."

Mushumbusi akasema, "Asante, Mama." Akaingia garini akalisogeza mpaka kule chini kwenye uwazi karibu na barabara, mahali ambapo Mae kwa magoti yake hawezi kwenda peke yake. Tukaanza kuhesabu upya kwa mara ya tatu.

Jumamosi jioni kipimajoto kilisoma tano. Jumapili tano. Kila jioni Mae alikuwa ananisubiri uwanjani ili nimtajie namba, ananisikiliza, halafu anaingia ndani. Kahawa alikuwa ameihamishia juu ya kichanja cha vyombo na sasa anashinda akifukuza kuku kwa fimbo.

Jumatatu, ambayo ilikuwa siku ya tatu, nilipanda mteremko nikiwa nimeshika kipimajoto mkononi. Nilikuwa nimeshampigia Benigna, ameshaniambia nipite kuchukua dawa. Miguu ilikuwa inataka kukimbia, nikaizuia.

"Nne," nikamwambia Mae.

"Nne ni nzuri au mbaya?"

"Ni nzuri."

"Kwa nani?"

Nikakaa karibu naye. Nikamwambia ni nzuri kwa Penina, na kwangu, na kwake yeye kuliko sisi wote, maana ile baridi ndiyo itakayonirudisha kwake nikiwa mzima. Mae alikishika kile kipimajoto kwa mikono miwili. Hajui kusoma, lakini alikiangalia kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama kule Mpanda kuna ndizi, au nifungashiwe.