Mimba ya Mwenyekiti

Mwenyekiti wetu alipata habari za mimba yake asubuhi, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Zilikuja kwa meseji, na kwa kuwa miwani yake ilikuwa ndani, alimpa mkewe Evaresta simu amsomee. Evaresta akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma somo kanisani:

"Ndugu Princess, ng'ombe wako Philemoni amefikisha miezi saba ya mimba. Acha kumkamua. Apumzike, apewe majani mazuri na maji ya kutosha, asisumbuliwe."

Princess ni ng'ombe. Philemoni ndiye mwenyekiti wa ushirika wetu wa maziwa, mzee wa miaka sabini na ushee, asiyecheka hata harusini. Niliyasikia yote kwa sababu migomba yao na yangu imepakana, na masikio yangu hayajawahi kunisaliti. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Ndipo simu yangu nayo ikalia.

"Ndugu Shemeji, ng'ombe wako Rukaiya aogeshwe dawa ya kupe wiki hii."

Rukaiya ni mimi. Nikaacha kucheka, nikajifunga kanga vizuri na kushika njia ya ofisini.

Ushirika wetu uko huku kwenye miteremko ya Mlima Meru, na kumbukumbu zote za ng'ombe zilikuwa ndani ya kompyuta moja kuukuu, stoo, katikati ya madebe na magunia ya pumba. Humo mlikuwa na jina la kila ng'ombe, mwenye ng'ombe, namba yake ya simu, na mbegu ya dume gani ilitumika. Si mambo ya kuchezea. Ukizipoteza kumbukumbu hizo unaweza kumpandisha ng'ombe mbegu ya baba yake mzazi, na ndama atakayetoka utamhurumia. Ile mashine pia ndiyo iliyotakiwa kututumia meseji za kutukumbusha, lakini umeme ukikatika inazima, na ukirudi inanuna.

Kamati ikamwita Sia, binti wa mjini anayekaa Daraja Mbili, mtaalamu wa kompyuta. Aliitazama mashine, akapuliza vumbi, akasema hii inakata roho. Ushauri wake ulikuwa kuihamisha kanzidata nzima, yaani hizo kumbukumbu zote kwa jina lao la shule, tuipeleke kwenye huduma ya wingu. Huko zingekaa kwenye kompyuta za kampuni ambayo kazi yake ni kulinda, kutoa nakala na kutengeneza kinachoharibika, nasi tulale.

"Wingu!" Mzee Philemoni alisema kikaoni, akinyoosha kidole kileleni. "Lile pale? Linakuja na kuondoka linavyotaka. Mvua ikinyesha ng'ombe wangu watamdondokea nani?"

Watu walicheka, lakini Sia hakuyumba. "Baba, kwa heshima zote, hiyo kompyuta ikifa leo, ng'ombe wako wote watakuwa yatima."

Tukakubaliana kujaribu. Sia angehamisha, na mkutano wa wanachama wa Jumamosi ungeamua kama kumbukumbu zibaki winguni au zirudi stoo. Kwake haikuwa kazi ndogo. Alikuwa ameacha ajira kwenye kampuni ya watalii ili avihudumie vyama kama chetu, na ushirika wa upande wa Momela ulikuwa unatuchungulia. Tukikubali, wangemwita. Tukimkataa, nani mwingine huku mlimani angempa kazi?

Basi siku ile nilifika ofisini nikiwa moto. Nikamkuta Yiamat, mfugaji mwenzetu, amefika kabla yangu, simu ameinyanyua juu.

"Soma hii, mama Rukaiya."

Nikasoma. "Ndugu Bibi Harusi, ng'ombe wako Yiamat anatarajiwa kupata joto, yaani kutaka dume, wiki hii. Mchunguze asubuhi na jioni."

"Mke wangu ameshaanza kunichunguza," alisema Yiamat. "Chai sijanywa."

Sia alikuwa ameinamia kompyuta yake ya mapajani, uso umemshuka. Nilikuwa nimebeba maneno mazito toka nyumbani, nikayatua yote pale mezani: kwamba mimi si ng'ombe, sina kupe, na kwamba marehemu mume wangu angekuwa hai tungeongea lugha nyingine.

"Nisamehe, mama," alisema. "Mashine ya zamani inaanza na jina la ng'ombe, halafu mwenye ng'ombe. Ya sasa inaanza na mwenye ng'ombe. Nilizihamisha kwa mfuatano, nikasahau kugeuza. Namba za simu hazikuguswa, ndiyo maana meseji zimefika kwenu."

"Na hukuangalia?"

"Niliangalia! Idadi ililingana, hakuna ng'ombe hata mmoja aliyepotea. Nikapitia majina kwa macho yangu. Mstari unasema Neema na Upendo. Mwingine unasema Upendo na Neema. Nitajuaje hapo nani anakamuliwa?"

Nikavuta benchi nikakaa. Alikuwa na haki. Huku kwetu ng'ombe tunampa jina kama mtoto, na mara nyingine tunampa zuri kuliko la mtoto. Wangu nimemwita Shemeji kwa sababu anakula, anaondoka, na asante hasemi. Mtoto wa mjini angeyajulia wapi hayo?

Kabla ya adhuhuri safu zile mbili za majina zilikuwa zimerudi mahali pake, na kila mwanachama akapata meseji nyingine yenye majina sahihi na ombi la radhi. Kumbukumbu hazikuwa zimepungua chochote. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kicheko kilikuwa kimeshateremka mlima, na mchana huohuo wateja wetu wa maziwa sokoni Kwa Mrombo walikuwa wanapiga simu kuuliza mwenyekiti wetu atajifungua lini.

"Jumamosi Mzee Philemoni ananimaliza," Sia aliniambia. Nilimhurumia, jamani. Nilitamani nimwambie hapana, ila namjua jirani yangu.

Nyumbani kwa jirani yangu, kumbe, mambo yalikuwa yamechukua njia nyingine. Mzee huyu huamka kabla sijasikia adhana ya alfajiri, anakamua, anakata majani, anabeba ndoo, anarudi kukamua tena. Watoto wake wako Dar, na kibarua hamtaki, eti kibarua anamkamua ng'ombe kama anakamua nguo. Jioni ile alipotoka kwenda bandani, ndoo hakuiona.

"Evaresta! Ndoo iko wapi?"

"Nimeificha. Mwenye mimba habebi ndoo."

"Usinifanyie mzaha!"

"Mzaha uko wapi? Ni agizo la ushirika, na mwenyekiti wa ushirika ni wewe. Ukilivunja wewe, nani atalifuata?"

Nikasogea mpaka kwenye ua kabisa. Kujificha kulishapita muda wake. Mzee alinguruma, akatafuta ndoo jikoni, akaitafuta uvunguni, akachoka, akakaa. Evaresta akamletea bakuli la mtori, ule mzito wa ndizi na nyama ambao huku hupikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Aliula ameugeukia ukuta. Kisha akanyoosha bakuli nyuma bila kugeuka, aongezewe.

Princess hakukamuliwa tangu siku hiyo, na ng'ombe wao wengine tulishirikiana kuwakamua mimi na Evaresta. Kesho yake mchana nilisikia sauti kati ya migomba, nikadhani mtu anapasua mbao. Alikuwa Mzee Philemoni, amelala kwenye mkeka, anakoroma. Evaresta alisimama uani akimtazama, na kicheko chote cha jana kilikuwa kimemtoka.

"Rukaiya, mara ya mwisho kumwona huyu amelala mchana sikumbuki," alisema. "Mgongo unamuuma mpaka anafunga kamba za viatu huku analia. Nikimwambia pumzika, ananijibu ng'ombe hawajui Jumapili."

Nikachukua ndoo ya kwangu nikaenda kukamua.

Jumamosi ukumbi ulijaa kuliko siku ya kugawana faida. Wengine, nasema ukweli, walikuja kumtazama mwenyekiti tumbo. Sia alikaa mbele, vidole vyake vikipindapinda ncha ya mtandio. Mzee Philemoni akasimama, akavaa miwani, akatuangalia mmoja mmoja mpaka tukanyamaza.

"Ndugu wanachama," alisema, "kabla hamjauliza, bado sijajifungua."

Ukumbi ulilipuka. Yiamat alishikwa asianguke kwenye benchi. Sia peke yake hakucheka.

"Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia huyu binti," mzee akaendelea. "Nimeyatafuta asubuhi hii, sikuyaona. Ile meseji ilikosea jina, haikukosea habari. Princess ana miezi saba kweli, na mimi nilikuwa bado namkamua, nimesahau. Siku ile umeme haukuwepo toka alfajiri. Mashine ya stoo ingenikumbusha nini? Na huyu kakosea asubuhi, mchana kasahihisha na kutuomba radhi wote. Mimi nikikosea huchukua mwaka."

"Miwili!" mtu akasema nyuma.

Hakumjali. Alivua miwani, na sauti yake ikashuka. "Kuna jambo jingine. Tangu utoto nimeambiwa amka, kamua, kata majani, lipa ada za watoto. Ile ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa pumzika."

"Mimi nimekuambia miaka arobaini!" Evaresta alipaza sauti toka benchi la akina mama.

Tulisubiri amkaripie. Alimgeukia.

"Ulisema, mama," alijibu. "Mimi sikusikia."

Machozi yalinilenga, sioni haya kusema. Yeye akakaa na kuita kura, na mikono iliyonyooka ilikuwa mingi mpaka katibu akakata tamaa ya kuihesabu. Kumbukumbu zetu zibaki winguni. Sia alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika, na mjumbe wa Momela aliyekuwa amesimama mlangoni akaanza kuulizia namba yake.

Ilipofika kwenye mengineyo, Evaresta akasimama. "Nina ng'ombe mmoja hajaandikishwa."

Sia akafungua kompyuta. "Jina la ng'ombe, mama?"

"Philemoni."

Sia akaandika.

"Mwenye ng'ombe?"

"Mimi, Evaresta. Safari hii usigeuze majina."

"Meseji itumwe lini?"

"Kila Jumapili asubuhi. Apumzike, asisumbuliwe."

Kwa taratibu zetu ng'ombe mpya hupokelewa kwa idhini ya mwenyekiti. Vichwa vyote vikamgeukia. Mzee aliinama, akajikuna shingo, na ndipo nilipoona meno yake kwa mara ya kwanza tangu tuwe majirani.

"Apokelewe," alisema.

Jumapili iliyofuata nilichungulia uani mapema, kabla simu ya mtu yeyote haijalia. Mzee Philemoni alikuwa amekaa kizingitini, mabuti ameshavua, akimsubiri mkewe amsomee meseji.