Sufuria ya Shaba ya Mzee Kapya

Pale Katuba hakuna jirani aliyethubutu kukaa siku mbili na chombo cha Mama Dorine. Sufuria zake zote zilichongwa jina kwa msumari, chini kwenye kitako, kama wafanyavyo wote wanaoazimisha vyombo kwa harusi na matanga. Lakini yeye alizidi. Jirani yake Nono alipochelewesha sufuria ya maharage, Dorine alimfuata hadi kanisani, akaidai katikati ya sala, mchungaji akiwa bado amefumba macho.

Sufuria moja tu haikuwa na jina lake, ile kubwa ya shaba. Marehemu baba yake, mzee Kapya, alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja mjini, na Mgiriki huyo akampa sufuria hiyo siku Kapya alipooa. Kitakoni palikuwa na maandishi ya Kigiriki. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuyasoma, Dorine alijitafsiria mwenyewe: "Kwa Kapya, mpishi hodari, na uzao wake wote."

Siku wakwe walipoleta posa ya bintiye Séphora, alitaka wajue msichana anatoka nyumba gani, maana watu wale walikuja na magari mawili na madaha mengi. Akaisugua sufuria kwa mchanga na ndimu, akaipindua juu ya meza. Kisha akamwita Adalbert, mwimbaji wa kanisa la Waorthodoksi, aliyesomea Ugiriki. Nono naye alikuwepo, akigawa soda.

Adalbert akavaa miwani. Akasoma kimya, akakohoa, akasoma tena.

"Soma tu, ba Adalbert," Dorine akamhimiza. "Kwa sauti, bantu basikie!"

"Mama, banaandika hivi: 'Ni ya Eleni. Ukimaliza kupika, rudisha.'"

Nono aliangua kicheko, soda ikamwagika. Dorine akatamani ardhi immeze. Na masikini mzee Kapya wala hakudanganya! Mgiriki alimpa kweli siku ya ndoa, ila ilikuwa sufuria ya mkewe, ya kuazima tu, akapikie wageni. Na tangu ndoa hiyo imepita miaka sitini.

Baba mkwe akaitazama sufuria, akauliza taratibu, "Na nyungu iko hapa mpaka leo?"

Posa nzima ilining'inia hapo. Dorine akainua kidevu.

"Si balisema ukimaliza kupika? Bado hatuyamaliza."

Akaibeba hadi jikoni, akainjika maji ya bukari, ugali wa wageni. Baba mkwe alicheka mpaka akafuta machozi, na posa ikapokelewa.

Walipokuwa wakiwasindikiza wageni, Nono alipita na sufuria mbili za Dorine kichwani, akielekea kwake.

"We Nono! Hizo utarudisha lini?"

"Nikimaliza kupika, mama Séphora."

Dorine alifungua kinywa. Wakwe walikuwa bado wanapanda gari, vioo viko wazi. Akakifunga, akawapungia mkono.