Tumbo Lililoshika Stesheni

Fundi cherehani alikuwa ameinamia suruali ya mteja, anapunguza kiuno, taarifa ya habari ilipoanza. Akanyoosha mkono aipunguze sauti, ndipo akakumbuka kwamba redio yao ilishakufa zamani. Habari zilikuwa zinatoka kwa mama mkwe wake, mama wa mumewe, aliyeketi mkekani akichambua maharage. Zilitoka chini kidogo ya mbavu: bei ya mafuta, lori lililopinduka, hali ya hewa, kisha muziki.

"Samahani," akasema mama mkwe, akiziba mdomo kama mtu aliyecheua.

"Labda ni gesi, mama."

"Gesi haisomi habari, mwanangu."

Fundi akakubali kwamba hilo nalo neno, akaendelea kushona.

Hakukuwa na haja ya kuumiza kichwa. Nyumba yao iliegemea ukuta wa dampo la manispaa, na nyuma ya ukuta huo betri zilizokwisha zilikuwa zimerundikana hadi zikawa kilima. Mvua ikinyesha, maji yalipita katikati ya betri, yakazama ardhini taratibu, yakaja kutokea kwenye kisima cha mtaa. Chai yao ilikuwa na ladha ya ufunguo. Mtaa mzima uliongeza sukari, ukanyamaza.

Jumamosi kinyozi wa jirani alikuja kusikiliza mpira, na kiti chake mkononi. Alimwamkia mama mkwe kwa adabu zote, kisha akamwomba ageuke kidogo upande wa dirisha, maana stesheni ilikuwa inakwaruza. Mama mkwe akageuka. Bao lilipoingia, nyumba nzima iliruka, naye akaruka nao, matangazo yakakatika mpaka alipotulia tena.

"Bibi, tafadhali, usishangilie," kinyozi akamsihi. "Shangilia moyoni."

Tangu afiwe na mumewe, mama mkwe hakuwa na mtu wa kumpigia hodi. Sasa viatu vilijaa mlangoni. Akaanza kujipaka wanja. Akajua kwamba akila ndizi hupata stesheni ya taarabu, na kwamba akivuta pumzi ndefu anashika nchi za mbali zinazoongea lugha asiyoijua, naye akawa anaitikia kwa kichwa ili wasijisikie vibaya.

Lakini fundi, ambaye kazi yake ni kupima watu, aliona futi inavyosema. Gauni la mama mkwe alilipunguza, akalipunguza tena. Mikono ya bibi ilianza kutetemeka hata maharage yakamshinda kuchambua. Mawe na maharage aliyaacha yapikwe pamoja. Kisha jioni moja, fundi akimwogesha binti yake mdogo, tumbo la mtoto likaimba tangazo la sabuni, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukosea.

Hapo fundi akafunga cherehani yake, akaenda manispaa.

Walimpa mkaguzi wa maji, kijana nadhifu mwenye chupa ndogondogo na viatu visivyotaka matope. Alichota maji ya kisima, akayainua juani, akayanusa, akadondoshea dawa, akatikisa.

"Hayana rangi," akasema. "Harufu ni ya kawaida kwa eneo hili."

"Yana redio," akasema fundi.

"Redio haimo kwenye vipimo vyetu, mama."

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kizingitini, akatoa muziki wa dansi. Mkaguzi akatikisa mguu kidogo, akajizuia.

"Mikono ya bibi huyu je? Kukonda kwake je?"

"Umri," akasema mkaguzi. Akamtazama bibi kwa makini. "Ila anashika vizuri sana. Ofisini kwetu hatuipati hiyo."

Fundi akamkaribisha glasi ya maji. Mkaguzi akashukuru mno, akasema ndiyo kwanza ametoka kunywa, akaondoka ulimi ukiwa umemkauka.

Tangu siku hiyo fundi akawa anapanda hadi upande wa pili wa mji, kwenye bomba la shule, na kurudi na dumu kichwani. Mtoto akanyweshwa maji hayo tu. Lile tangazo la sabuni likafifia, likabaki ubeti mmoja, likaisha. Fundi akaweka sikio kwenye kile kitumbo, akasikia uji ukishuka tu. Akalia kwa furaha, akaenda kumjazia mama mkwe kikombe.

Mama mkwe akakisogeza kando.

"Mtoto na anyamaze, ana maisha ya kusema mwenyewe. Mimi niachieni watu wangu."

"Maji yale yanakumaliza, mama."

"Najua. Lakini kesho kuna fainali."

Manispaa nayo haikulala. Mkaguzi alikuwa ameandika kwamba mtaa ule una usikivu bora, na meya, ambaye matangazo yake ya redio hayasikilizwi na mtu, alifurahi sana. Basi asubuhi moja, wanawake wakiwa wamepanga ndoo kisimani, matumbo yote yalikohoa kwa pamoja, yakatangaza kwa sauti nzito ya meya kwamba maji ya mtaa yamepimwa na ni salama kwa matumizi yote. Tumbo la kinyozi lilichelewa kidogo, likarudia neno "salama" peke yake. Kinyozi akakaza mkanda kupunguza sauti. Wanawake walisubiri kwa heshima tangazo liishe, kisha wakateremsha ndoo.

Fundi alikuwa anaingia na dumu lake. Mama mkwe alikuwa mlangoni, viganja vyote viwili juu ya tumbo, kama anayemziba mdomo mtu mwenye lugha chafu mbele ya wageni.

"Mwanangu," akasema kwa aibu, "usije ukadhani ni mimi niliyesema hayo."

"Najua, mama."

Akatua dumu, akamshika mkono uliokuwa unatetemeka, akamrudisha ndani.