Mimba Iliyochukuliwa na Mtani

Nesi Flávia alimlaza Wahida kwenye kitanda cha kituo cha afya, akamwekea tumboni utepe wa kupimia, ule wa mafundi cherehani, akausoma, kisha akausoma tena. Tumbo halikuwa limeongezeka tangu kliniki iliyopita. Mimba ikiwa changa, Wahida aliugua homa na vipele, na Flávia alikuwa na hakika kwamba vile ni virusi. Virusi gani, hakujua. Damu ilikwenda Pemba, makao makuu ya mkoa, na jibu halikurudi. Mashine ya ecografia, ile ya kumwona mtoto tumboni, nayo ilikuwa huko huko Pemba, na siku hizo barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita.

"Mtoto anakua polepole mno, mamã," alisema. "Kula, pumzika. Sina kingine cha kukupa."

Wahida alirudi kijijini kwao, kando ya barabara, si mbali na Olumbi, akaanza kulala na mkono tumboni kama anayeshika mtungi usimwagike. Aliogopa. Mumewe Issufo aliogopa pia, ila yeye aliogopa kwa kurekebisha uzio ambao haukuharibika.

Hapo ndipo alipoingia Domingas. Domingas ni Mmakonde wa Muidumbe, aliyeshuka pwani baada ya kijiji chao kuchomwa moto, na mimba aliyoondoka nayo iliharibika njiani. Wamakonde na watu wa pwani ni watani, na mtani hapigi hodi. Huingia kwako, hukutukana, huchukua anachokitaka, nawe huna ruhusa ya kununa wala kudai.

Siku hiyo mchana alimkuta Wahida anakuna nazi. Alionja mchuzi, akasema hauna chumvi, akamtazama tumbo.

"Nyie watu wa pwani kila kitu mnapika kwa moto mdogo," alisema. "Hii naichukua mimi, mtani."

Akaichukua mimba, akaifunga vizuri tumboni mwake kwa kapulana, kitenge chake, akatoka nayo. Wahida alimaliza kukuna nazi, maana tui lilikuwa linahitajika. Issufo aliporudi aliona tumbo la mkewe limekuwa bapa, akauliza, akaambiwa mtani kachukua. Akanawa mikono, akala. Majirani walisema ni haki yake.

Lakini haki ni haki na uchungu ni uchungu. Wahida alijua kwamba Domingas hana mtoto, na kwamba hakuna sheria ya kumlazimisha airudishe mimba hiyo. Kila siku alichagua samaki aliye bora, akampika, akampeleka kwa Domingas kwa kisingizio cha kuomba moto. Domingas aliwatukana samaki hao na kuwala mpaka miiba. Mchana alilima mashamba ya watu, jioni alitwanga, na mimba ikanenepa kama muhogo uliopata mvua. Siku za kliniki Flávia alimpima Domingas, na Wahida akaitwa aje asikie, maana mimba ni yake. Kila mara tumbo lilikuwa limeongezeka, na kila mara Wahida alifurahi njia nzima na kulia akifika nyumbani.

Domingas anastahili sifa, na hapa atapewa. Angeweza kunyamaza mpaka azae, na hakuna shehe wala padri ambaye angemnyang'anya. Asubuhi moja, mimba ikiwa imetimia, aliingia bila hodi.

"Chukua mzigo wako, mtani. Unanipiga mateke usiku kucha. Kwenu hakuna adabu."

Akairudisha. Wahida alielemewa na uzito, ikabidi Issufo amshike mgongo. Domingas alisimama kidogo, mikono juu ya tumbo lake tupu, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Kisha akamkamata kuku aliyekuwa karibu, akaenda naye, kwa kuwa mtani hatoki mikono mitupu.

Alizaliwa msichana, mzito, mwenye sauti. Domingas alikuja kumwambia kwamba ana sura mbaya kama babake, akampakata mpaka akalala.

Jibu la damu halijarudi. Mashine iko Pemba. Siku hizi Flávia akikuta tumbo dogo humwuliza mama kama ana mtani. Mwezi uliopita alikuja Atija, msichana aliyekimbia peke yake kutoka Quiterajo, naye alikuwa amepata homa na vipele, na tumbo lake lilikuwa limeacha kukua. Alisema hapa hajui mtu.

Flávia aliukunja utepe.

"Mimi Mmakua wa Nampula," alisema. "Sisi na nyie watu wa pwani ni watani tangu enzi za mababu. Lete."

Akaipokea, akaiweka chini ya aproni, akaita anayefuata. Aliyefuata naye tumbo lake lilikuwa dogo, na aliyekuwa nyuma yake vilevile. Foleni ilifika mpaka barabarani, na Flávia alikuwa na tumbo moja tu.