Shahidi wa Tatu Hana Sauti

Picha ilikuja, sauti haikuja.

Mzee Fransisko alionekana vizuri kwenye tivii, amesimama na koti la kuazima, kipaza sauti mkononi, mdomo unafunguka na kufumba. Kwenye spika ya tivii palitoka mvumo tu, shhh, kama mafuta yanapopata moto. Watu zaidi ya sitini walikuwa wamejazana kwenye ukumbi wa kigango, madirisha yamezibwa kwa vitenge ili picha ionekane mchana. Wote wakageuka kuniangalia mimi. Fundi nilikuwa mimi.

Naitwa Thobias. Shule niliacha darasa la nne, redio nilijifunzia kibarazani kwa fundi mwingine pale Morogoro, na deki za video nilijifunza mwenyewe zilipoanza kuingia. Mwaka huo, tisini na mbili, kila mwenye duka alitaka deki. Ruksa ya biashara ilikuwa imetolewa, vitu vilikuwa vinashuka kutoka Dubai kila wiki, na havikuja na mtu wa kueleza. Mimi nilikula kwa sababu hiyo.

Aliyenileta mlimani ni Wilfred, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Kwao ni huku juu, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu kutoka Mkuyuni, gari linapoishia. Mjomba wake, huyo Fransisko wa kwenye tivii, alikuwa amefariki miezi minne nyuma, na lukolo, yaani ukoo wao wa upande wa mama, ulikuwa na shauri moja halijaisha. Shamba la kijitoni ni la nani?

Lile shamba nililiona tulipokuwa tunapanda. Matuta kumi na moja yamekatwa kwenye mteremko, mfereji wa maji unapita juu yake, kabichi na karoti mwaka mzima. Aliyelilima miaka tisa ni Cecilia. Yeye na Wilfred mama zao ni ndugu, wote wawili Fransisko ni mjomba wao. Cecilia alisema mjomba alimpa shamba lile mbele za watu, kwenye harusi ya Judith, mdogo wake Wilfred, huko Dar es Salaam. Wilfred alisema hakusikia neno kama hilo, siku ile alikuwa nje anagombana na mtu wa soda. Na kama mjomba hakutamka, shamba lingekwenda kwa Wilfred, kwa sababu kati ya wapwa wa kiume yeye ndiye mkubwa.

Kwao maneno ya marehemu yanahitaji mashahidi watatu. Cecilia alikuwa na wawili, mmoja wao Judith. Wa tatu wa lukolo hakupatikana, mpaka mtu mmoja akakumbuka kwamba harusi ile ilipigwa video. Bibi Yuliana, mkubwa wa lukolo, akaamua: mkanda utakuwa shahidi wa tatu. Lakini akaweka sharti. Mkanda usitazamwe na mtu kabla ya kikao, asije mtu akaukata. Ukaletwa kutoka Dar, ukafungwa kamba, Bibi akaulalia chini ya mto wiki tatu.

Sasa hapo ndipo kosa lilipoingia. Tivii Wilfred aliinunua kwa mzungu mmoja wa mradi wa mpunga Dakawa aliyekuwa anarudi kwao Uingereza. Deki aliinunua mpya, ya Dubai. Alinihakikishia kuwa tivii ni nzima na deki ni nzima, na ni kweli, kila kimoja kilikuwa kizima. Lakini viwili hivyo havikuwahi kufanya kazi pamoja, kwa sababu mkanda ulikuwa chini ya mto wa Bibi. Ningeweza kuazima mkanda wowote kwenye banda la video pale mjini nikajaribu. Sikuazima. Nilijiona najua.

Kwa hiyo tukapandisha tivii, deki na redio kaseti kubwa ya Wilfred vichwani mwa wapagazi, tukakuta jenereta ya masista imeshafika na lita mbili na nusu za petroli. Misa ikaisha, mabenchi yakageuzwa, Bibi Yuliana akafungua kamba kwa meno yake mwenyewe.

Mzee Fransisko alipotokea, ukumbi mzima uliinuka. "Shikamoo mjomba!" Vijana, wamama, wote. Wakasubiri. Mdomo wa mzee ukacheza, spika ikasema shhh.

"Hajaitikia," mama mmoja akanong'ona.

"Mwamkieni tena, pengine hakusikia."

"Shikamoo mjomba!"

Bibi Yuliana yeye alibaki amekaa, mikono juu ya bakora. "Mimi simwamkii," akasema. "Yeye ndiye mdogo. Namsubiri yeye." Halafu akanigeukia. "Fundi, mbona mtoto hasemi?"

"Anasema, Bibi. Sisi ndio hatumsikii."

"Basi tusikilizishe."

Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Mvumo ukaongezeka. Nikachezea kitufe cha stesheni, picha ikapotea, sauti isije, nikairudisha picha haraka watu walipoanza kuguna. Kufikia hapo kila mtu alikuwa ameanza kusoma midomo. Petro, kijana wa upande wa Wilfred, alisimama kabisa: "Hapo! Hapo amesema Wilfred!"

"Amesema Wilfred wapi, mdomo ulikuwa umefumba," akajibiwa. "Hapo anatafuna."

"Anatafuna na kipaza sauti mkononi?"

"Harusi ilikuwa na pilau. Wewe ungeacha?"

Wakacheka, lakini Cecilia hakucheka. Alikuwa amekaa benchi la mbele na kanga mbili, mikono imepasuka kwa jembe, anaangalia ule mdomo tu. Nikazima jenereta kuokoa petroli. Giza likaingia ukumbini, mtu akavuta kitenge kimoja dirishani.

Nilifungua tivii nyuma. Kitu cha kwanza nilichofikiri ni spika. Nikaipima kwa betri ya tochi, ikalia tak, tak. Nzima. Nikaangalia waya za spika, zilikuwa zimeshika. Nikawasha tena jenereta, nikagusa njia ya sauti kwa ncha ya bisibisi yenye mpini mkavu, spika ikanguruma nguuu. Njia yote nzima. Kifaa kizima, sauti hamna. Na petroli nusu lita ilikuwa imekwenda.

Katekista Bonifasi, aliyekuwa na ufunguo wa ukumbi, akaja karibu. "Fundi, saa tisa kuna mafundisho ya kipaimara humu."

"Katekista, niache."

"Nakwambia tu."

Nikakaa chini ya meza nikavuta sigara. Nikakumbuka tivii nyingine, mwaka uliopita, ya dada mmoja Shamimu wa Mikese. Mumewe baharia aliileta kutoka Uingereza. Picha safi, sauti shhh. Nilikaa nayo mwezi mzima, nikabadilisha hiki na kile kwa pesa zake, mwisho nikamrudishia nikasema imekufa. Haikuwa imekufa, chini ya meza ile ndipo nilipoelewa. Kule Uingereza sauti wanaiweka mahali pengine kidogo, mbali na picha kuliko wanavyoiweka Dubai. Deki ya Dubai inatuma picha na sauti kwa waya mmoja wa antena. Tivii ile inaipokea picha, kisha inakwenda kutafuta sauti mahali ambapo haipo. Ndicho kilichotokea kwa Shamimu na ndicho kilichokuwa mbele yangu. Kuirekebisha ndani ya tivii ingetaka vipuri ambavyo hata Morogoro sikuwa navyo.

Lakini nyuma ya deki palikuwa na tundu jingine. Sauti peke yake inatoka pale, bila kupitia antena. Nilihitaji kitu kimoja tu cha kuikuza.

Nikamwita Wilfred. Yeye alikuwa nje, anazunguka ukumbi.

"Bwana Wilfred, nahitaji redio yako."

"Washa tu. Si hiyo hapo?"

"Siyo kuiwasha. Haina tundu la kuingizia sauti. Nataka kuifungua, nichome waya kwenye kitufe cha sauti."

Akaniangalia. Redio ile ilikuwa na wiki mbili, spika mbili kubwa, taa zinacheza, karatasi ya plastiki bado imebandikwa mbele. Aliileta ili kikao kikiisha watu wasikilize muziki.

"Itapona?"

"Siwezi kukuahidi. Pasi yangu ya kulehemu ni ya mkaa, siyo ya umeme. Inaweza kuunguza."

"Na usipofanya hivyo?"

"Mkanda haujasema kitu. Cecilia ana mashahidi wawili."

Sote wawili tulijua maana yake. Angesema redio yangu haiguswi, hakuna mtu angemlaumu, ni mali yake mpya. Watu wangeshuka majumbani na shamba lingekuwa la kwake. Alivuta pumzi puani. Akaangalia kule chini kwenye matuta, kisha mlangoni, ambapo Bibi Yuliana alikuwa amesimama na bakora anatusikiliza bila kujificha.

"Unaniangalia nini, Bibi?"

"Nakuangalia. Siruhusiwi?"

Wilfred akacheka kidogo, cheko la mtu aliyebanwa. "Fungua," akaniambia. "Fungua bwana, nisije nikaota mjomba ananisemesha bila sauti."

Wamama wakaleta mkaa kutoka jikoni. Nikatoa skrubu sita, bodi ya ndani yenye njia za umeme ikaonekana, nikaiweka pasi kwenye moto mpaka ikawa tayari kuyeyusha risasi. Mkono ulitulia vizuri, ila eneo lilikuwa dogo na pasi yangu ni nene. Nikachomea waya wa katikati, ukakubali. Wa pili ukayeyusha njia ya jirani yake na spika ya kulia ikafa papo hapo. Kidole gumba nacho kikaungua. Nikasema neno ambalo Katekista alijifanya hakulisikia.

Pini ya kuingia kwenye deki sikuwa nayo. Nikakunja waya wa shaba mara tatu ukajaa tunduni, na ule wa nje nikauzungusha kwenye ukingo nikaufunga kwa uzi wa kushonea. Petroli ilikuwa imebaki chini ya lita moja. Nikasema washeni.

Ngurumo kwanza. Halafu makofi, vijiko, mtoto analia, ukumbi mzima wa harusi ya Dar ukaingia kigangoni. Halafu sauti nzito ya mzee, yenye kikohozi, inatoka kwenye redio chini ya meza:

"...mnyamaze kidogo, wa kwetu. Nasema mara moja."

Walipiga vigelegele mpaka nikalazimika kurudisha mkanda nyuma. Mzee mmoja hakuridhika. "Amekaa kwenye tivii, mbona anasemea kwenye redio?"

"Wewe simu uliwahi kuona mtu ndani yake?" Bibi Yuliana akamjibu. "Kaa."

Fransisko alizungumza na Judith, bibi harusi. Alimwambia amsikilize mume lakini asisahau njia ya nyumbani. Kisha akasema: "Usiogope kwamba kule mlimani huna tena kwenu. Shamba la kijitoni nimempa Cecilia, ni lake na watoto wake. Ukija atakupa kabichi, na asipokupa umwambie mimi ndiye niliyesema." Watu wa harusi wakacheka. Akaendelea: "Wilfred simpi shamba. Wilfred ana duka, na jembe analiuza tu, hajui linashikwa upande gani."

Ukumbi uliangua kicheko. Petro alicheka kuliko wote. Wilfred alikuwa amesimama nyuma ya deki, akajifunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika, na alipoitoa mikono nikaona anacheka kweli.

"Rudisha hapo," akaniambia. "Nataka kumsikia tena mzee anavyonitukana."

Nikarudisha mara tatu. Mara ya nne jenereta ikakohoa, ikazima. Cecilia alikuja akamshika Wilfred mkono, kisha akatoka kwenda kuwapikia watu. Tulikula ugali na kabichi za kijitoni na kuku wawili, na Katekista akaanza mafundisho yake saa kumi badala ya saa tisa.

Jioni tukashuka. Nilianza kuhesabu njiani, nikamalizia mjini, maana mimi ni mtu wa kuhesabu. Petroli lita mbili na nusu, shilingi mia nne. Wapagazi watatu kupanda na kushuka, elfu moja na mia mbili. Redio ilinunuliwa elfu thelathini na mbili. Ilibaki na spika moja, na mjini hata kwa elfu kumi na tano hakuna aliyeitaka. Kidole gumba, siku nane bila kushika bisibisi. Ujira wangu tulikubaliana elfu nne. Nilikata elfu mbili mwenyewe kwa sababu sikuujaribu mtambo kabla. Shamimu wa Mikese nilimrudishia elfu tatu na mia tano za vipuri ambavyo havikuhitajika. Wilfred alilipa vyote vya mlimani bila kubishana, na juu ya hivyo akakosa matuta kumi na moja na maji yake.